Upande Mweupe wa Ramani

Mgeni asiyegusa chai yako, mwangalie mikono. Mama Ndelwa alikuwa uani akisugua sufuria, akamwona yule mnunuzi wa ramani kuukuu akisogeza kikombe kando na kutandaza karatasi zake mkekani.

"Hapa nchi yetu ilikuwa changa," mgeni alimwambia Ndelwa, mwana wa mama huyo, akigusa ramani moja baada ya nyingine. "Hapa imekua. Hapa imefika mtoni. Ng'ambo, magharibi, peupe kabisa."

"Peupe vipi?" mama aliuliza. "Huko ndiko nilikozaliwa. Shamba letu liko huko."

Mgeni alicheka. "Usikasirike, mama. Mchoraji wa zamani hakuona mtu. Mimi nataka picha tu: wewe mzaliwa wa huko, umeshika ramani hii."

"Ya nini?"

"Kumbukumbu."

"Mama nawe, picha tu!" Ndelwa alisema. "Kila mtu kwako mwizi."

"Haya, cheka. Leo nishike karatasi inayosema kwetu hakukuwa na watu, kesho waje wachukue shamba, waseme hata mama yako alikubali."

Mgeni alikwisha kuinua kamera. "Shika pembeni tu, mama. Mikono yako ina masizi."

Mama Ndelwa akachuchumaa. Akaweka kiganja chote katikati ya pale peupe, akakandamiza.

Alipokiondoa, mgeni alishusha kamera. Vidole vitano vyeusi vilibaki ng'ambo ya mto, bado vibichi. Ndelwa akainama taratibu, akitafuta ni kidole kipi kilichoangukia shamba lao.