Rekodi Moja, Kompyuta Mbili

Katika kliniki ndogo ya Kaptembwo, Joyline wa mapokezi alibadilisha namba ya simu kwenye rekodi ya mtoto, akahifadhi. Mara daktari akafungua mlango.

"Joyline, umeingia kwa rekodi ya huyo mtoto? Niliandika asidungwe penisilini. Sasa sioni."

Joyline aliiangalia skrini yake. Yeye na daktari walikuwa wameifungua rekodi hiyo kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye kompyuta yake, na alipohifadhi yake, isiyo na maneno ya daktari, maneno hayo yalifutika.

Alikimbia hadi chumba cha sindano, ambako mtoto alikuwa ameshapelekwa.

"Sista, ngoja! Penisilini inamdhuru!"

"Lakini kompyuta haikuonyesha kitu," sista alijibu polepole, akiliangalia bomba tupu la sindano mkononi mwake.

Mapajani mwa mamake, mtoto alianza kujikuna shingo.