Karibu ya Mzee Muhanga

Hapo kale mashimo yalipokuwa na wenyewe, mbuga nzima ilikuwa ya mzee Muhanga, mnyama wa kucha ndefu, aliyeyachimba yote ujanani, ardhi ikiwa bure. Alilala katika shimo moja. Mengine yalibaki matupu. Ngiri (ngiri, si nguruwe) alikuwa na mke mjamzito, na masika yalikaribia.

“Babu, tupangishe hata moja.”

“Chimba lako! Mimi nilisaidiwa na nani?”

“Kila nikichimba, babu, natokea sebuleni kwako.”

Muhanga akamfukuza. Ngiri akaenda kwenye shimo la mbali kabisa, akapiga hodi. Mzee aliposikia, akakimbia kupitia njia za chini kwa chini ili aonyeshe kwamba shimo lina mwenyewe, akaitika kwa kishindo, “Karibu!”

“Ahsante, babu. Tumekaribia,” alisema Ngiri, akaingia na mkewe.

Muhanga akaduwaa. Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi. Hata nyoka analijua hilo.

Masika hayo Fisi alikuja kumwinda mzee, ambaye kucha zake zilikwisha kuwa butu. Mlangoni akapokewa na meno ya Ngiri, aliyepitia njia zile zile za chini kwa chini, akatoka mbio akilia.

“Kijana hodari,” Muhanga akawaambia majirani, amebeba watoto wa Ngiri mgongoni. “Nilimchagua mwenyewe.”