Udi wa Saumu

Siku hizi gari na dereva wake hupimwa moshi pamoja. Mke wangu Saumu hilo halikumtisha. Miezi mitatu alilihangaikia gari letu jekundu la spoti, kuukuu kuliko sisi wote wawili, akisugua kabureta kwa mswaki na kuisikiliza injini kama mkunga anavyosikiliza tumbo. Fundi gani wa Tanga angemfikia? Asubuhi ya kupimwa alizifukiza nguo zake udi, kama anayekwenda harusini.

Mpimaji alichomeka kipimo kwenye ekzosi. "Mashallah! Halina hata chembe." Kisha akakielekeza kwa Saumu. Kikapiga kelele.

"Gari limefaulu, kaka," akaniambia kwa upole, akinikabidhi ufunguo. "Shemeji atabaki."