Majani Membamba

Bibi shamba alipima jani la tano, akaandika, akapiga mwayo. Upana wa vidole viwili. Akavuka mpaka wa mawe, akapima jani la upande wa pili: vidole vinne. Udongo uleule, mvua ileile, nyasi za malisho zilizopandwa siku moja na baba kabla shamba halijagawanywa kwa wanawe wawili.

Lilikuwa shamba la nne alilokagua siku hiyo, na nyayo zake zilikuwa zinawaka moto.

"Hapa palikuwa na mti wa kutia kivuli?"

"Hapana," akasema mdogo mtu, ambaye ndiye aliyemwita aje kukagua. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na mikono imechanikachanika.

Bibi shamba akachuchumaa, akaipekua nyasi mpaka shinani. Ilikuwa imekatwa chini kabisa, na mkato ulikuwa mbichi.

"Hii inakatwa kila wiki mbili. Haipewi nafasi ya kupumua, kwa hiyo inakula akiba ya mizizi yake. Kila ikichipua, jani linatoka jembamba zaidi. Una ng'ombe wangapi?"

"Niliuza wote mwaka jana."

"Sasa nani anakata?"

Mdogo mtu akatazama pembeni. "Sikukuitia mwizi, dada. Nataka majani yaongezeke tu. Nitie mbolea gani?"

"Utie mbolea umnenepeshee nani?"

Bibi shamba akazitazama nyasi za ng'ambo ya mawe. Zilikuwa zimekomaa kupita kiasi, majani ya chini yamekauka. Hazikuwa zimeguswa kwa miezi.

"Na huko kwa kaka yako?"

"Tuligombana. Aliapa mbele ya watu kwamba mguu wangu usikanyage nyasi zake. Mwaka wa pili huu hatusemezani."

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Yeye kila wiki alijikuta katikati yao, ameshika rula. Mtu anaweka zake akiba huku anakula za mwenziwe. Alishayaona hayo mara nyingi mno. Akajikokota hadi nyumbani kwa kaka mtu.

Zizini palikuwa na ng'ombe watatu, ngozi zinang'aa. Horini kulikuwa na majani mabichi. Akaokota moja, akalipima kwa vidole, ingawa hakuwa na haja. Vidole viwili.

Akabisha hodi, maneno makali yako tayari ulimini.

Mke wa kaka mtu alimfungulia, nguo zimelowa maji ya kufulia, akampeleka chumbani. Kaka mtu alikuwa amelala chali, mdomo umekwenda upande, mkono mmoja umetupwa juu ya shuka kama si wake.

"Kiharusi," mke akanong'ona. "Mwezi wa tano huu. Siwezi kumwacha hata nifike shambani."

Mgonjwa aliiona nembo ya kilimo na mifugo kwenye koti la bibi shamba, akajitahidi kuinua kichwa.

"Ofisi ya mifugo? Afadhali umekuja niwashukuru," akasema, neno moja moja. "Majani mnayowaletea ng'ombe wangu kila alfajiri ndiyo yameiokoa nyumba hii. Ndugu yangu wa tumbo moja hata kunijulia hali hajaja."

Nyuma ya kichwa cha mgonjwa, mke alikuwa amemkazia macho bibi shamba, kidole mdomoni.