Ndoo ya Jana

"Leo hakuna kuni," alisema fundi wa mtambo, akalikalia rundo lenyewe.

Jana, kwa moto wa kuni, gunia moja la mahindi lilimpa ndoo ya mafuta ya kuendeshea magari. Leo gunia la pili lilichemka kwa mafuta hayohayo. Ndoo ikibakiza kitu baada ya gunia hili kutoa ndoo nyingine, mradi una maana. Isipobakiza, wanachoma chakula cha watu bure.

Kwenye mdomo wa bomba tone la kwanza lilichungulia, likavimba, likagoma kuanguka. Alinyanyua ndoo ili aongeze moto. Ilikuwa nyepesi kama ganda la yai.

"Mpwa wangu, wakulima wako mlangoni," alinong'ona mjomba, mwenye mradi. "Nimewaahidi tutanunua mavuno yote. Tupia vijiti viwili tu, nani ataona?"

"Mimi nimeshaona, mjomba."

"Miaka mitatu tumehangaika!"

"Basi wao wasihangaike."

Moto ulikohoa, ukazimika. Tone likanywea.

Fundi aliinuka, akajikung'uta magome ya kuni, akausukuma mlango kwa kiwiko. Mkononi ndoo ilining'inia, mdomo chini.

"Karibuni," aliwaambia. "Tuanze na hii ndoo."