Kifungo cha Shaba

Asubuhi ya baridi kali askari wa serikali walipomchukua mwanawe, fundi cherehani alimng'ang'ania afisa koti, akabaki na kifungo cha shaba mkononi. Akakitia kwenye mkebe wa vifungo alivyovikusanya tangu usichana.

Serikali ile imeanguka. Baridi imerudi, na leo afisa yuleyule ameingia kibandani kwake na koti lilelile.

"Mama, nitafutie kifungo kama hivi vingine. Kesho naapishwa uwaziri."

Fundi akakitoa mkebeni. Mkononi kilikuwa baridi vilevile.

"Kumbe unacho. Nishonee basi, mama yangu."

"Niambie kwanza mlikompeleka mwanangu."

Afisa akapuliza viganja vyake. "Hayo ni ya serikali ile, mama. Tusifukue makaburi."

Fundi akakirudisha kifungo mkebeni, akafunika.

Kesho waziri mpya ataapa, koti likiwa wazi kifuani.