Miezi Minane ya Grenada

Mzee Leonard alikuwa ameikalia ramani ya Grenada, huku binti yake akiitafuta chini ya meza.

"Nimeiweka hapa sasa hivi!" Adela alilalamika. "Haya, Baba, wewe ndiye ramani yetu. Miezi minane umekaa kule. Tubuku hoteli ya ufukweni, au ile ya msituni karibu na maporomoko?"

"Mambo yatakuwa yamebadilika," alisema mzee. "Mnaonaje Jamaika?"

"Jamaika kila mtu wa kanisani ameshaenda. Sisi tunataka kisiwa chako. Si ndiyo zawadi yenu ya miaka arobaini na mitano ya ndoa? Au umetuachia mdogo wetu kule, unaogopa tutakutana naye?"

Mama yake, Elieth, aliyekuwa akimenya ndizi, alicheka. "Kama yupo, tutamjua kwa pua tu."

Mzee Leonard naye alicheka, lakini masikio yalimwaka moto. Laiti angekuwa ameacha mtoto. Hiyo ingekuwa aibu ya mtu aliyefika.

Grenada hakuwahi kuikanyaga. Mwaka ule wa tisini na moja, mkewe na watoto wakiwa bado Moshi, alimgonga mtu hapa Maryland, akiendesha gari amelewa chakari. Akafungwa miezi minane. Kwenye maktaba ya gereza alikuta kitabu cha watalii, akaandika nyumbani kwamba amepata kazi ya hoteli kisiwani: mchanga mweupe, kima msituni, upepo unaonukia kungumanga. Barua zilipitia kwa rafiki yake wa Langley Park, papa hapa Maryland, naye akazitia posta. Watoto walikua wakizikariri.

Alipotoka aliacha pombe, akasoma shule ya usiku, akawa mzee wa kanisa. Uongo ule tu ndio uliomshinda kuuacha.

"Kesho nabuku," Adela alisema akichukua funguo, akaondoka kabla barabara kuu ya Beltway haijajaa magari.

Mzee alibaki kitini. Alijiona amesimama kwenye mchanga wa watu, wajukuu wanamuuliza njia, mkewe anamtazama. Afadhali aseme hapa, wakiwa wawili, kuliko kuumbuliwa kule.

"Mama Adela," aliita. "Zile barua... Sikuwa Grenada. Nilikuwa jela."

Kisu kilisimama kidogo juu ya ndizi, kisha kikaendelea.

"Jela ndiyo nasikia leo," alisema Elieth. "Lakini barua zote zilikuja na stempu za Marekani, Baba Adela. Nilikuwa nazibandua kwanza kwa mvuke wa sufuria, ndipo nawaita watoto niwasomee."